Rosebellah na Wimbo wa Ungo

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, lindoni, au ndani ya gari la bosi mkimsubiri atoke, karibuni. Wekeni vyombo chini kidogo. Leo tunamkumbuka Rosebellah Nafula. Rosebellah wa Al-Malqa, Riyadh. Rosebellah aliyefuatilia wimbo mmoja mpaka akaujua kwao.

Wimbo wenyewe pengine mmeusikia. Ni ule ambao dada zetu wa Saudia huimba mwenzao akifariki. "Amekwenda, hageuki. Mlango wazi, haingii." Halafu kimya kidogo, makofi mawili, kisha wimbo unaendelea.

Rosebellah aliupata kwenye kundi la simu la akina dada Wakenya. Siku ya kwanza kuusikia alisimama sebuleni kwa madam, ufagio mkononi. Maneno hakuyajua. Tuni aliijua. Nyanya yake, aliyefariki yeye akiwa mdogo, alikuwa akiimba hivyohivyo.

Nyumbani, karibu na Kakamega, Rosebellah alikuwa amemwacha binti yake Ashley kwa dadake mkubwa, Emmah. Alimwacha ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Sasa Ashley alikuwa anaenda shule, na simu ya mamake hakuitaka. Akipewa, anakimbia. "Anakuita mama wa kwenye simu," Emmah alimwambia mdogo wake, na mdogo mtu akacheka ili asilie.

Basi Rosebellah akarekodi ile tuni, bila maneno, akaituma. Ashley akaisikiliza. Akaomba irudiwe. Wiki iliyofuata alishika simu mwenyewe, wakaimba pamoja, mama Riyadh, mtoto Kakamega. Kabla ya hapo hawakuwa na kitu. Sasa walikuwa na wimbo.

Kisha Emmah akaenda kumzika binti wa jirani, aliyeletwa kutoka Saudia ndani ya sanduku. Kaburini wakaimba wimbo uleule. Emmah alirudi nyumbani, akapiga simu.

"Rosa, unamfundisha mtoto kukulilia ungali hai?"

"Ni wimbo wa nyanya, Emmah."

"Nyanya hakutuimbia kilio. Katika nyumba hii hautaimbwa tena."

Ashley akaanza tena kuikimbia simu. Mnaona, wapendwa, kilichokuwa mezani? Rosebellah asipothibitisha kwamba wimbo ule si wa msiba, amempoteza mtoto mara ya pili.

Akaanza kazi. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima ikiwa imelala, alimtafuta dada mmoja kwenye lile kundi na kumuuliza swali moja tu: "Wewe uliusikia kwa nani?" Huyu akamtaja yule. Yule akamtaja mwingine. Njia ikatoka Riyadh, ikaingia Jeddah, ikaishia kwa mpishi mmoja wa hoteli ndogo pale Sharafiya, anaitwa Sellah.

Wakati wa Idi, familia ya madam ilikwenda Jeddah kuwasalimia wazazi, Rosebellah akiwa nao. Akaomba ruhusa. "Yalla, nenda," madam akasema, "lakini usikawie." Yeye na Sellah wakakutana, wakaagiza chai ya maziwa.

"Maneno ni yangu," Sellah akasema kabla hata hajaulizwa. "Usinishtaki."

"Nikushtaki wapi? Hata ikama yangu anakaa nayo kafili."

Wakacheka, maana kafili ndiye mwajiri, na ikama ndiyo kibali cha kuishi kule. Kisha Sellah akaeleza. Mwenzao mmoja alifia Al-Hindawiyah, mtaa wa hapohapo Jeddah, katika nyumba walimokuwa wakiishi pamoja. Kulikuwa na Waluhya, Wakamba, Wakikuyu, na hawakuwa na wimbo mmoja wanaoujua wote. "Nikachukua tuni ya shangazi yangu," akasema, "nikaivalisha Kiswahili."

"Shangazi alikuwa akiuimba wapi? Matangani?"

"Nilikuwa mdogo, dada. Nakumbuka tu kwamba hapo katikati alikuwa akinyamaza. Sisi kile kimya kikatushinda, tukatia makofi."

Kwa hiyo maneno ya kilio yalizaliwa Jeddah, juzijuzi tu. Tuni ni ya zamani. Lakini ilikuwa ya nini? Hapo Rosebellah alikwama.

Jibu lilimjia Al-Malqa. Babake madam alileta gunia la ngano kutoka shambani kwake, ngano imejaa makapi. Rosebellah akachukua sinia pana, akatoka uani, akaanza kupepeta huku akiimba chinichini. Anarusha, anadaka. Anarusha, anadaka. Alipofika penye kile kimya, mdomo wake ulikuwa na shughuli nyingine. Ulikuwa unapuliza makapi.

Akarudia. Pumzi ikaangukia palepale. Akarudia tena. Palepale.

Madam akachungulia dirishani. "Rosa, unapepeta au unacheza?"

"Vyote viwili, madam."

Ijumaa akampigia Emmah, simu ya video.

"Chukua ungo."

"Rosa, nina nguo za kufua."

"Chukua ungo, dada yangu, upepete huku ukiuimba. Tukishindwa, wimbo nitauacha mwenyewe."

Emmah akaegemeza simu kwenye ndoo, akamimina mtama, akaanza kurusha kwa hasira. Ashley alikuwa amejibanza nyuma ya mlango. Emmah akaimba, akafika pale penye kimya, akajikuta anapuliza. Akasimama. Kabla hajasema neno, sauti ikatoka upande wa pili wa ua.

"Ni nani huyo anapuliza kama anazima moto? Wimbo wa ungo hauendi hivyo."

Alikuwa jirani yao mzee, Mama Absalom. Akaingia, akamnyang'anya Emmah ungo, akauimba wote kwa lugha ya kwao. Kwa Kiswahili ni kama hivi: "Mwepesi nenda, mzito baki. Mgeni yuko njiani, chungu kinamsubiri." Huo ndio wimbo, wapendwa. Ni wa kupepeta nafaka ya mgeni. Ulinyamaza mashine ya kusaga ilipofika na ungo ukatundikwa ukutani.

Ashley akatoka nyuma ya mlango. Akaichukua simu kwa mikono miwili.

"Mama, huyo mgeni ni wewe?"

Emmah alituambia: "Rosa alikuwa analia. Mimi nikajifanya natoa mawe kwenye mtama."

Desemba Rosebellah alikuja likizo, na chungu kilikuwa jikoni kweli. Akarudi Riyadh amalizie mkataba. Mwezi wa tano ugonjwa wa mapafu ukamlemea, akafariki hospitalini. Sellah aliomba likizo yake mapema, akausindikiza mwili mpaka nyumbani.

Jumamosi ya mazishi, dada waliowahi kufanya kazi Uarabuni walijipanga kando ya kaburi. Sellah akaanza, kama walivyozoea. "Amekwenda, hageuki." Ashley akapita katikati ya watu, akamvuta gauni.

"Shangazi, huo hauimbwi hapa. Huo ni wa mgeni anayekuja. Mama alisema."

Sellah, mtunzi wa maneno yale, akamtazama mtoto, kisha akawageukia wenzake. "Mwenye wimbo amesema," akawaambia. Wakaimba wimbo wa kanisani.

Asubuhi iliyofuata Sellah alisikia mtu anapepeta uani. Akatoka amsaidie. Ashley akamwonyesha kiti kwa kidole. "Kaa, shangazi. Mgeni hapepeti." Akaendelea kuimba na kupuliza, na Emmah akawasha moto.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Emmah, kwa Ashley, kwa Mama Absalom na kwa akina dada wote wa lile kundi, poleni sana. Mungu awafunge jeraha hili taratibu. Nasi tuliobaki tujiulize: wimbo unaomwimbia mtoto wako unajua ulikuwa wa kazi gani? Yuko mtu mzima kwenu anayejua. Mpigie leo, umuulize. Matangani watu hulia, hawajibu maswali.