Programu ya Wiston Yahama Windows

Jumamosi asubuhi, pale njia panda ya Nyarubungo, benchi la Mama Yuster hujaa kabla kahawa haijachemka. Siku hiyo Wiston alikaa katikati, kompyuta ya shule mapajani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Miaka miwili nyuma aliwatengenezea watoto saba wasioona wa shule ya msingi programu ya kusikiliza masomo: mtoto anabonyeza kitufe, sauti ya mwalimu inasoma. Ilikaa kwenye kompyuta mbili za Windows, hadi radi ilipoziunguza zote. Shule ikapewa nyingine, nzuri tu, lakini hizi zinatumia mfumo mwingine, Linux, na nakala ya programu aliyobaki nayo Wiston ikagoma kutoa sauti. Jumatatu watoto wanarudi kutoka likizo, na Wiston aliwaahidi kuwa watayakuta masomo yao.

— Hiyo inataka pasipoti, alisema mzee Ildefonce. Benchi zima lilimwita Pasipoti, kwa kuwa alivuka kwenda Burundi mara tatu na hajaacha kusimulia. — Kitu cha Windows kikifika kwa Linux kinazuiwa mpakani. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Methali hiyo haikai hapo, mzee wangu, alisema Wiston.

— Itazoea.

Bulugu, mfugaji aliyehamia Kaniha ya jirani kutoka Shinyanga, aliweka kikombe chini. Yeye walimwita Tume, maana kila jambo hutaka liundiwe tume.

— Mimi naona ni kiapo. Mwenye Windows aliiapisha ile sauti. Ng'ombe wangu mmoja nilimhamishia zizi la shemeji, hakulia wiki nzima mpaka nilipokwenda kupiga mluzi.

— Ng'ombe na kompyuta wapi na wapi, Tume? alidakia Mama Yuster akimimina.

— Vyote vinazima ukivinyima chakula.

— Hapana, ni radi! Pasipoti alisimama kabisa. — Ilipopiga, sauti ilikimbilia kwenye nyaya. Tangu siku ile redio yangu inanisomea jedwali la kuzidisha.

Wiston alicheka, mara ya kwanza wiki ile.

— Kosa ni langu, wazee. Nilipoiandika, kila sauti ilipohitajika nilimwita Windows kwa jina. Mahali arobaini na moja. Huku hakuna wa kuitikia jina hilo.

— Sasa? aliuliza Mama Yuster.

— Nimeweka mkalimani. Kanisani padri anahubiri Kiswahili, katekista anawageuzia wengine Kisubi, wengine Kisukuma. Padri hasumbuki. Programu nayo inasema tu "toa sauti". Mkalimani ndiye anayeangalia yuko kwa nani, kwa Windows au kwa Linux, akaomba kwa lugha ya mwenyeji.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Tume kwa uzito. — Mwite huyo katekista tumsikie.

Wiston alibonyeza. Sauti ya mwalimu ikatoka, safi: "Somo la tatu. Mbegu ikipata maji huanza kuvimba."

Benchi likapiga makofi hadi karanga zikamwagika. Claudia, mama wa mmoja wa wale watoto saba, alikuwa akipita na jembe begani. Akasimama.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama Pius! Njoo usikie, Jumatatu mwanao anasoma!

Alisikiliza, mkono mdomoni.

— Ndiye mwalimu wake. Mungu akubariki, baba. Ila niulize. Pius akishawasha mashine hukaa kimya mpaka ilie ule mlio wake. Hapo ndipo anajua imeamka, anabonyeza cha masomo. Hii ikiamka inalia vipi?

Wiston aliurudisha mkono kwenye kitufe cha kuwashia. Ule mlio hakuuandika yeye. Ulikuwa wa Windows mwenyewe. Wiki tatu nzima za kuihamisha programu amekuwa akijua mashine imeamka kwa kuitazama.

Pasipoti alimtazama Tume. Tume alitazama karanga chini.

Wiston aliizima, kisha akaiwasha tena. Wote waliinamisha vichwa kusikiliza. Pikipiki ilipita, ikaishia mbali. Kioo kikawaka buluu, picha ndogondogo zikajipanga, mashine ikawa tayari bila kusema neno.

Claudia alikuwa amefumba macho.

— Bado? aliuliza.