Bwana Shavu na Picha Moja ya Mkewe

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusitiri: haya ndiyo maisha ya mdogo wangu, kwa kadiri ninavyoweza kuyasoma. Mkiona nasita, nivumilieni. Jumamosi asubuhi alinipigia simu akicheka. Adhuhuri nikaambiwa njoo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956 katika nyumba ya mabati nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili wa fundi mitambo na mshona magodoro. Marehemu mama alikuwa akisema alitoka macho kodo, akaitazama taa kwanza ndipo akakumbuka kulia.

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani hadi darasa la saba. Sekondari hakufika, kwa kuwa baba alikuwa ameshatutoka. Alikwenda kujifunza kwa fundi picha wa mtaa wa posta, mzee mkali aliyempa ufagio mwaka mzima kabla ya kumpa kamera. Siku hizi mtu hufundishwa siku mbili akapewa cheti na kofia. Yule mzee alimfundisha hivi: tundu la lenzi ni upana wa mlango, shuta ni muda ambao mlango hukaa wazi, na filamu ni mgeni aliye ndani, mmoja hushiba upesi, mwingine polepole. Ukiubana mlango, basi uache wazi kwa muda zaidi. Picha yoyote njema ni mapatano ya hao watatu.

Alifungua studio yake mwaka 1980, chumba kimoja chenye dirisha kubwa, kilichopakana na duka la viatu. Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa, na hapo ndipo alipopata aibu iliyomfanya fundi. Kwa majivuno aliisimamisha kamera yake juu ya stendi, akapima mwanga, akaitegesha ijipige yenyewe, akakimbia kusimama kando ya bibi harusi. Kumbe kipima mwanga ni mjinga mwaminifu, kila kitu hukiona kijivu. Kilipoliona gauni jeupe kikadhani mwanga umezidi, kikamwambia abane. Akatii. Gauni lilitoka safi hadi lasi ya mikono. Bibi harusi alibaki macho na meno gizani.

Shemeji yangu aliishika ile picha, akauliza mbele ya wakwe, "Kumbe ulilooa ni gauni? Mimi sikuwepo?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliapa hatakaa tena mbele ya kamera ya mumewe, na ni mwanamke wa neno lake.

Tangu hapo marehemu hakupima nguo ya mtu. Alikisogeza kipimo hadi usoni, akisema, "Lete shavu, mama. Gauni litajijua." Ndiyo asili ya jina la Bwana Shavu. Maharusi walitoka mbali, kwa sababu kwake mtu alionekana jinsi mama yake anavyomjua. Nyumba nyingi mlizotoka leo zina kazi yake ukutani. Kisha zikaja simu. Watu wana picha elfu mfukoni na ukutani hawana hata moja. Studioni mwake sasa huuzwa makava ya simu. Hakulalamika, kulalamika aliniachia mimi. Alichotaka ni kimoja tu, ampige mkewe picha moja ya haki. Kila mwaka aliomba, kila mwaka alikataliwa.

Mahali hapa kwa kawaida huandikwa habari za ugonjwa. Hakuugua. Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024, shemeji aliamka, akavaa gauni la kijani, akasema, "Haya, Bwana Shavu. Leo nipige."

"Umengoja mpaka nimeanza kutetemeka mikono?"

"Na mimi mikunjo imeanza. Tumelingana."

Hapo ndipo aliponipigia simu. "Kaka, amekubali!" Hakusema lingine.

Binti yao alishika pazia. Kulikuwa na mawingu na sebule ilikuwa na kigiza, naye hakutaka taa ya kumulika. Akapima shavu mara mbili. "Sekunde nzima, mke wangu. Usitikisike hata ukope." Akabonyeza waya wa kufyatulia, na papo hapo akateremka taratibu kando ya stendi. Daktari alisema ni moyo. Mimi bado sijaelewa alichosema.

Msibani mpwa wetu, fundi wa kompyuta, aliinyanyua kamera, akaigeuza kutafuta kioo nyuma aione picha. Kidole kilikuwa tayari kwenye kifuniko. Angefungua, mwanga ungeunguza filamu yote. Binti alipiga ukelele ambao hakuupiga hata kwa kifo cha baba yake. Jana aliziba mlango wa bafu kwa mablanketi, akaisafisha mwenyewe kama alivyofundishwa.

Kiti kimetoka, kila uzi wake. Ufa wa ukuta umetoka. Aliyekaa kitini ni ukungu wa kijani ulioinamia mbele, hauna uso.

Shangazi yetu alisema ichanwe, inatisha. Shemeji akamnyang'anya. "Shangazi, acha. Safari hii mwanga hakuukosea. Mimi ndiye niliyetikisika. Nilimwona anaanguka, nikawa naenda kumdaka." Akaagiza ichapwe nyuma ya ratiba hii ya mazishi mliyoishika. Igeuzeni muione.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, wana wawili, wajukuu watano, shangazi, na kaka.

Lala kwa amani, mdogo wangu. Zamu ilikuwa yangu.