Mlango Uliochorwa Ukutani

Jambo la mwisho la kawaida alilolifanya mkewe lilikuwa kuandika jina na nenosiri katika ukurasa ambao mumewe alikuwa akimtengenezea. Akabonyeza "Ingia". Visanduku vya kujazia vikarudi vitupu. "Umenichorea mlango ukutani, mume wangu," akasema, akacheka, akaenda kujilaza. Hakuinuka tena. Miezi mitano baadaye mume huyo, Mhadhiri kama walivyomwita kijiweni pale nje ya duka la kinyozi, alikuja na kompyuta yake, akaiweka kwenye benchi kando ya birika la kahawa. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na masomo kumi na mawili ya ushonaji aliyoyarekodi marehemu, na wanafunzi wake walikuwa bado nje.

— Mtandao huo hauna nguvu, akasema Kinyozi. Inyanyue kidogo.

— Nimeinyanyua wiki nzima.

— Basi ni waya, akasema Fundi Redio. Herufi nyembamba zinapita. Ile M, na mapaja yake yale, inakwama.

— Na mimi mwenye M tatu kwenye jina? akauliza Kinyozi.

— Wewe utalala nje.

Breki, dereva mstaafu wa lori, alijimiminia kikombe cha tatu.

— Hamjui kitu. Huko kwenye seva kuna mtu wa zamu. Yeye ndiye anayefungua. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu limeingiaje hapa?

— La huyo mtu wa zamu. Ndiyo maana anachelewa kufika mlangoni.

Mhadhiri alitabasamu. Seva, kompyuta inayotunza masomo, aliiandaa mwenyewe, na ilikuwa nzima: masomo yamo, orodha ya majina imo. Alifungua daftari la vipimo la mkewe, akanakili nenosiri kama lilivyoandikwa, akabonyeza. Visanduku vikarudi vitupu. Kinyozi akainama.

— Hebu ngoja. Huku juu, kwenye mstari wa anwani, pametokea maneno. "Mkaidiwangu."

Mhadhiri alilifunika nenosiri la mkewe kwa kiganja.

— Mkaidi ni nani? akauliza Breki.

Fundi Redio akamkanyaga mguu.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja aliyekunja koti mkononi, koti la mkono mmoja.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Nimeelekezwa kwa mume wa mwalimu wetu. Mkono huu alinisimamia mwenyewe. Wa pili alisema nitauona kwenye somo la tatu. Mwenye koti anaanza kazi Jumatatu.

Wakamweleza yote: mtandao, M, mtu wa zamu na guu lake. Alisikiliza kwa adabu, akaitazama fomu.

— Mimi nikituma nguo, naandika kwenye mfuko inakokwenda. Hii mnaituma wapi?

Fundi Redio alilitikisa birika. Nalo lilikuwa tupu.

Mhadhiri aliujua mstari, ndani ya maagizo ya ukurasa, uliopaswa kubeba jibu. Mchana ule mkewe alipokwenda kujilaza, alikuwa amekaa kuujaza aliposikia kikombe kikianguka chumbani. Tangu hapo alikuwa amekagua kila kitu isipokuwa mahali alipoishia.

— Nipe hadi kesho, mwanangu, akasema, akaandika jina na namba yake ya simu.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, aliandika anwani ya seva katika mstari ule. Akaagiza pia kwamba yanayojazwa yasafiri ndani ya bahasha, si juu yake, ili siri ya mtu isisomwe tena na kinyozi. Kisha akaandika jina la mkewe, na ile siri. Akabonyeza.

"Karibu."

Hakukaa humo. Aliongeza jina la mshonaji kwenye orodha, akampigia simu kumpa nenosiri lake.

— Jaribu sasa.

Akasikia vidole vikigonga, kisha cherehani ikisogezwa. Na nyuma ya cherehani, sauti aliyoijua, haina haraka:

"Geuza koti, tuanzie begani."