Mwalimu Emiliana Ntahomvukiye, Aliyewakutanisha Watu wa Kahawa

Ndugu, jamaa na marafiki, mpendwa wetu tunayemsindikiza leo hapa Ryansoro alizaliwa tarehe 14 Machi 1980 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, Tanzania. Alikuwa mtoto pekee wa marehemu Mzee Godfrey na Mama Josefina, waliokimbia kutoka kilima hiki mwaka 1972.

Alisoma shule ya msingi Ulyankulu, kisha sekondari na chuo cha ualimu mjini Tabora. Familia iliporejea nyumbani Burundi mwaka 2009, alifundisha Kiswahili mjini Gitega huku akijifunza Kifaransa, lugha ya kufundishia masomo mengine, hadi akakabidhiwa jiografia, somo alilolipenda kuliko yote.

Tarehe 6 Agosti 2011, parokiani Giheta, alifunga ndoa na Cirhuza Namegabe, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kivu Kusini. Mungu aliwajalia watoto wawili, Upendo na Dominiko. Walibishana juu ya kila kitu, hata chumvi ya maharage. Majirani walijua kwamba nyumba ikiwa kimya, wenyewe hawapo.

Mwaka 2016 alihamishiwa Muyinga. Huko alifahamiana na wanawake waliochambua kahawa juani, watoto mgongoni, bila ruhusa ya kukaa wanyonyeshe. Kila alipokwenda Gitega kwa mumewe, aliona magunia yaleyale yakishushwa na wapagazi wa kampuni ileile. Wapagazi hawa hawakuwajua wanawake wale. Akawakutanisha. Mikutano yao haikuwa na mwenyekiti wa kudumu: kila mkutano ulichagua msemaji wake, na aliyepinga alisikilizwa mpaka amalize.

Mwaka 2021 kampuni ilikataa kujenga kibanda cha akina mama kunyonyeshea. Emiliana alitaka kazi isimame mara moja. Elyse, mmoja wa wachambuaji, akainuka.

"Mwalimu, we uko na mushahara ya serikali. Sisi wakitufukuza leo, watoto watakula nini? Tuongee nao kwanza."

Kura zikapigwa, Mwalimu akashindwa. Baadhi ya wapagazi wakamfuata pembeni: "Mwalimu, we sema tu, sisi tutagoma."

"Mimi si bosi wenu," akawajibu. "Wamenisikia, wamenikataa. Twendeni tukaongee."

Mazungumzo yalivuta miezi mingi, na kuna siku walifukuzwa getini. Mwishowe kibanda kikajengwa Muyinga, na wapagazi wa Gitega wakapewa mapumziko ya mchana. Hata hivyo, Mwalimu hakubadili mawazo. Katika kila mkutano alikumbusha kwamba mgomo ungekileta kibanda mapema zaidi, na watu walicheka, Elyse akiwamo.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa Gitega na Bujumbura. Januari mwaka huu wa 2025, mumewe alikuja na gari nyumbani ampeleke tena hospitali.

"Mama Upendo, tuende. Gari iko tayari."

"Baba Upendo, nimechoka na safari. Niache nikae na mama."

Baba Upendo hakubisha. Alitoka nje, akamwambia dereva aende zake.

Emiliana alifariki nyumbani Giheta, alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Februari, mkono wake ukiwa mikononi mwa mama yake.

Ameacha mama mzazi, Josefina, ambaye asubuhi hii ameagiza atajwe kabla ya mume, "kwa sababu mimi ndiye niliyeanza kuwa naye." Ameacha mume, Cirhuza, watoto, Upendo na Dominiko, wanafunzi wake wengi, na watu wa kahawa wa Muyinga na Gitega.

Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani.