Unga Mweupe kwenye Benchi la Nagwa

Benchi letu hapa Helwan, mbele ya mkahawa wa Dongol, halina saruji hata chembe. Nagwa, binti wa Farghali, alilitengeneza kwa mavi ya chuma kutoka kwenye tanuri alilolihudumia babake mpaka akastaafu, akachanganya na udongo uliochomwa na maji ya magadi makali. Chuoni, ambako benchi hili ndilo mradi wake wa shahada, wanaita jiopolima. Juzi likaanza kutoka unga mweupe. Nagwa akakwangua kipande, akakipeleka kwenye mashine ya miale ya infraredi ionyeshe kama viungo vya ndani bado vimeshikana. Kama vimeachia, benchi linavunjwa, na shahada yake anaianza upya. Kwa hiyo leo tumelikalia kwa adabu, tunamsubiri.

— Hiyo ni chumvi ya jasho, akasema Shenouda, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Farghali, wewe ndiye unayevuja zaidi.

— Nyamaza, Redio. Nimekaa mbele ya tanuri ujana wangu wote, sikuacha chumvi popote.

— Basi husuda. Mke wa muuza saruji alipita hapa, akalitazama mara mbili.

— Alikuwa anakushangaa wewe.

— Au limeota mvi. Mawe ya piramidi yalianza hivihivi, mafarao wakafa.

— Walikufa kwa kukusikiliza.

Farghali alisema hivyo bila kucheka. Alikuwa analipapasa benchi.

— Mtoto akirudi analia, nitalivunja mwenyewe. Sitaki alione likivunjwa na wageni.

Dongol akatoka na ndoo, akanyunyizia barabara maji kama kila alasiri, vumbi litulie.

— Inukeni kidogo, nimpoze na mgonjwa wetu.

Akalimwagia benchi ndoo iliyobaki, kwa huruma kabisa. Tukakaa tena, makalio yakalowa.

Nagwa akashuka kwenye tuktuk.

— Baba, ndani viungo vimeshikana barabara. Na tofali la akiba, la mchanganyiko uleule, tumelibana mpaka mashine ikanung'unika, lisivunjike. Huo unga ni wa juu tu: maji yanatoa magadi nje, yakikutana na hewa yanakuwa meupe.

Farghali akafuta macho, wala hakujificha. Nami nilifurahi kama binti ni wangu.

— Ila, ami zangu, nani analimwagia maji?

Sote tukatazama viatu vyetu, vimelowa. Dongol akasogeza ndoo nyuma ya kanzu yake.

— Kahawa imekwisha, akasema, na birika linachemka nyuma yake.