Sista Gumba na Barua Iliyobaki Kwenye Faili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, muuguzi tunayemwita Sista Gumba anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, kumi na mitano kati ya hiyo katika wodi yetu ya moyo. Mhariri wa jarida la wafanyakazi aliniomba maneno matamu. Yapo, ila nina hasira, na sitaificha kwa ajili ya keki.

Jina alilipata kazini. Mgonjwa wa mshtuko wa moyo akifikishwa kwetu, daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono hadi moyoni, akazibua palipoziba. Mrija ukitolewa, kitundu hubanwa kwa mkanda wa hewa. Wengi wetu tulijaza hewa mpaka basi, damu isivuje, tukaendelea na mambo mengine. Yeye alibonyeza mshipa wa pili, ule wa upande wa kidole cha mwisho, huku akitazama gumba. Likififia, damu haipiti chini ya mkanda, umebana mno, na hewa inapunguzwa papo hapo. Kwenye harusi ya mfamasia wetu alimpa bibi harusi mkono wa pongezi, na tuliokuwa karibu tuliona wazi kwamba anampima.

Wanafunzi aliwanoa bila huruma. Aliyesema mkono wa mgonjwa uko sawa aliulizwa gumba lina rangi gani, na aliyebabaika alirudishwa kitandani kuangalia.

Sasa hasira yenyewe. Miaka sita iliyopita, asubuhi, aliletwa fundi cherehani, baba wa watoto watatu, mshipa wa moyo umeziba. Alizibuliwa kabla ya saa sita mchana. Tulipiga makofi, tukapiga na picha. Chati yake ilionyesha kwamba mkono ulikaguliwa kila nusu saa, na mara nne ukaandikwa uko sawa. Sista aliingia zamu saa nane, akafunua shuka. Mkono ulikuwa umevimba toka kifundoni hadi kiwikoni, mgumu kama ubao, damu imevujia ndani, na vidole havinyooki.

Alimpigia daktari wa zamu mara tatu. Akajibiwa kwamba mtu amepona kifo, aache kusumbua watu kwa sababu ya mkono. Akatoka mbio, akamvuta daktari wa upasuaji kwa mkono wa koti hadi kitandani. Mkono ulipasuliwa kuondoa mgandamizo, ukaokoka, isipokuwa vidole viwili ambavyo mpaka leo havishiki sindano.

Ofisi ikamshukuru kwa barua ya onyo, eti kavunja utaratibu wa mawasiliano. Ameomba mara mbili iondolewe, akaambiwa suala linashughulikiwa. Na nani, miaka sita yote hiyo? Chuo cha uuguzi kinamtaka afundishe siku mbili kwa wiki, lakini hakipokei mtu mwenye onyo kwenye faili. Akitoka Ijumaa na barua hiyo, ndiyo basi, na mikono ya wagonjwa itabaki kwa watu kama sisi.

Sisi ni watu gani? Zile alama nne kwenye chati ziliandikwa kwa mkupuo mmoja na muuguzi ambaye hakufunua shuka hata mara moja, kwa sababu alikuwa kwenye picha. Muuguzi huyo ni mimi. Sista aliutambua mwandiko wangu siku ileile. Ofisi ilipomuuliza nani aliandika, alijibu kwamba chati wanayo, wasome wenyewe. Hawakusoma. Kesho yake alinishika mkono bila hata salamu, akanifundisha gumba upya toka mwanzo, akaniambia nikirudia tutakosana. Hatujakosana. Lakini nilinyamaza miaka sita, na hilo linanikera kuliko ofisi yote.

Mkuu wa utumishi, itoe barua hiyo kabla ya saa tisa Ijumaa. Kama ni lazima ikae mahali, faili langu lipo rafu hiyohiyo, na maelezo yangu yenye sahihi nimeyaacha mezani kwako leo asubuhi.

Sista, asante kwa kila shuka uliyofunua. Ukapumzike, kisha ukawanoe hao watoto wa chuo, na Mungu akupe afya na raha. Na unisamehe.