Ukurasa wa Baba Aliyepotea

Basi la kwenda mji wa Taichung lilijaa. Peishan alimpakata mwanawe, huku akisikiliza kiti cha mbele, ambako kijana alimwonyesha mama aliyeketi karibu naye tangazo alilochapisha la kumtafuta baba yake aliyepotea.

“Mwanangu, nimeielekeza simu kwenye alama hii ya mraba ya kufungulia ukurasa, lakini ukurasa haufunguki,” mama yule alisema.

“Mbona kwangu unafunguka, shangazi? Niliandika amri moja tu kwenye kompyuta, ukaja.”

“Umekuja humo humo kwenye kompyuta yako. Hukuupandisha mtandaoni. Anwani iliyomo kwenye alama hii inamrudisha kila mtu kwenye simu au kompyuta yake mwenyewe.”

“Nimeyabandika matangazo haya mji mzima,” kijana akasema. “Na namba yangu ya simu iko ndani ya ukurasa tu, haipo kwenye tangazo.”

Peishan akamkumbatia mwanawe.

Basi likasimama. Kituoni, mbele ya tangazo hilo hilo lililobandikwa ukutani, bibi mmoja alikuwa ameielekeza simu kwenye alama, akingoja ukurasa ufunguke.